Nargis si "yule mwanamke wa Raj Kapoor": uzi wa maisha na kazi yake

Binti Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Awaara, ile picha ya Kihindi ya mwaka 1951, inapotajwa, maneno yote yanamwendea steringi wake Raj Kapoor. Kofia yake, mwendo wake, ule wimbo ambao hata asiyejua neno moja la Kihindi anaupiga mluzi. Nargis, steringi wa kike, anaambulia sentensi moja: "na yule mwanamke wake." Vijana wa sasa ndio kabisa, wanamjua kama mama yake mwigizaji Sanjay Dutt basi. Naona ni dhuluma, na ndiyo sababu ya uzi huu. Kwa maoni yangu hakuna mwigizaji wa filamu za Bombay (Mumbai ya leo) wa miaka ya 1950, awe mwanamume au mwanamke, aliyemfikia. Nitaonyesha kwa kazi yake mwenyewe, tuzitazame picha moja moja.

Uzi ni mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Tuanze na mama yake, maana Nargis haeleweki bila Jaddanbai. Huyu alikuwa mwimbaji wa muziki wa jadi wa Kihindustani, na mama yake mzazi pia alikuwa mwimbaji, katika lile kundi la wanawake waliokuwa wakiwatumbuiza wakubwa na matajiri majumbani. Usiku watu wanawasikiliza na kuwatunza, mchana wanawatenga. Hapa kwetu Siti binti Saad alitungiwa mashairi ya kumtukana asili yake, naye akajibu kwa kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Jaddanbai ni mwanamke wa zama zilezile na wa moyo uleule. Alirekodi santuri, akahamia Bombay, akaanzisha kampuni yake ya filamu, akaigiza na kuongoza picha. Muziki wa Talash-e-Haq ya mwaka 1935 aliutunga mwenyewe, wakati ambapo wanawake waliotunga muziki wa filamu India walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Katika picha hiyohiyo akamsimamisha bintiye mbele ya kamera. Mtoto huyo aliitwa Fatima Rashid, mzaliwa wa Calcutta, 1 Juni 1929. Baba yake, Abdul Rashid, alizaliwa Mhindu akasilimu. Kwenye orodha ya waigizaji mtoto akaandikwa Baby Nargis, na jina la Nargis likabaki naye maisha yote.

Mwenyewe alitaka kuwa daktari. Lakini mwaka 1943, ana miaka 14 tu, mwongozaji Mehboob Khan akampa nafasi ya steringi wa kike katika Taqdeer, mbele ya Motilal ambaye tayari alikuwa nyota. Hebu fikirini mtoto wa miaka 14 anaigiza mapenzi na mtu mzima. Mehboob Khan ndiye atakayempa picha zake mbili kubwa kuliko zote, kwa hiyo jina hilo mlishike.

Naendelea hapo chini, naomba msinikatize sana.

Kijana wa Likoni

Nimeweka kambi hapa. Tiririka dada.

Mzee wa Mchangani

Binti, umenikumbusha mbali. Mimi utoto wangu ni Unguja mjini. Picha mpya ya Kihindi ikishuka, Majestic pale Vuga na Empire kule Darajani kulikuwa hakupitiki. Kina mama walikuwa na maonyesho yao ya mchana, wanawake watupu, na mabuibui yalikuwa yamejaa njia nzima. Sisi watoto wadogo tulichukuliwa.

Nakuambia kitu ambacho vijana hawakijui. Wanaume ndio waliokuwa wakimwimba Raj Kapoor. Mama yangu na mashoga zake wakirudi nyumbani walimzungumza Nargis. Amevaa nini, amelia vipi, kwa nini amemsamehe yule bwana, ingekuwa mimi nisingemsamehe. Wiki nzima. Na fundi cherehani alikuwa na kazi ya kuelezwa mikono ya blauzi ilivyokatwa. Kwa hiyo sisi hatukumsahau. Endelea mwanangu.

Binti Chumbageni

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana. Hilo la kina mama ni zito kuliko yote niliyopanga kuandika, nitalirudia nikifika Mother India.

Sasa mwaka 1948. Raj Kapoor ana miaka 23, anatafuta steringi wa kike wa picha yake ya kwanza kama mwongozaji, Aag. Kisa hiki yeye mwenyewe alikisimulia: alikwenda nyumbani kwa Jaddanbai kuzungumza naye, mama hakuwepo, mlango ukafunguliwa na Nargis aliyekuwa jikoni anakaanga bajia, mikono ina unga. Akazipandisha nywele zake kwa mkono uleule na unga ukabaki kwenye paji la uso. Raj hakulisahau tukio hilo. Miaka 25 baadaye akaliweka vilevile katika picha yake ya Bobby.

Hapo ndipo wengi wanapoanzia historia, wakati binti yule alikuwa na miaka mitano ya kazi nyuma yake na Raj ndiyo kwanza anaanza. Mwaka huohuo Nargis alitoka na nyota Dilip Kumar katika picha ya Mela, ikapendwa sana. Nani alimhitaji nani?

Mwaka 1949 ulimletea msiba na mavuno pamoja. Jaddanbai alifariki mwezi wa nne, bintiye hajafikisha miaka 20. Na mwaka huohuo zikatoka Barsaat ya Raj Kapoor na Andaz ya Mehboob Khan. Ya kwanza ndiyo iliyoipa studio ya RK, yaani ya Raj Kapoor mwenyewe, nembo yake: mwanamume ameshika fidla mkono mmoja, mkono wa pili amemshika mwanamke anayeinamia nyuma. Ni tukio la kwenye picha yenyewe. Kwa hiyo kila picha ya RK ilipofunguka baada ya hapo, umbo la Nargis ndilo lililofungua pazia.

Lakini mimi nataka tukae kidogo kwenye Andaz, ambayo ndiyo picha pekee iliyowaweka Dilip Kumar na Raj Kapoor pamoja. Nargis ni Neena, binti tajiri wa kisasa, anapanda farasi, anacheka na mwanamume asiye wake bila kuona aibu. Dilip anakosea, anauchukulia ukarimu kuwa mapenzi. Mwisho wake Neena anampiga risasi na kufungwa maisha. Picha yenyewe inamlaumu kwa usasa wake, na mimi sikubaliani nayo hata kidogo. Ila mtazameni anavyoigiza. Wenzake wa wakati ule walikuwa bado na ule uigizaji wa jukwaani, mkono kifuani, macho juu. Nargis anasimama tu. Dilip anapomkiri mapenzi, Neena bado ana tabasamu la mazungumzo yaliyopita, na tabasamu lile linachelewa kuondoka usoni, kana kwamba habari haijamfika. Uzuri wa sura tu haukufanyii kazi hiyo.

Kahawa Chungu

Sawa dada, lakini Awaara ni ya Raj Kapoor. Kaitoa, kaiongoza, kaigiza. Nargis pale ni pambo. Na lile tukio la ufukweni anapigwa makofi halafu anamwangukia mtu miguuni, hilo nalo ni ukubwa gani?

Binti Chumbageni

Mkuu Kahawa, la makofi tuko pamoja. Lile tukio ni baya, lilikuwa baya mwaka 1951 na ni baya leo. Sitalitetea.

Lakini pambo? Rudia kuitazama picha inavyoanza. Mahakamani. Kijana Raju anashitakiwa kutaka kumwua Jaji Raghunath, na hana wakili. Anaingia Rita, wakili msichana, na shahidi wake wa kwanza kumbana ni jaji mwenyewe, mzee aliyemlea yeye Rita. Hadithi nzima tunaipata kupitia maswali yake. Sasa jiulize mwaka ule, sisi tuko chini ya Mwingereza, mwanamke wa Kiafrika, wa Kihindi au wa Kiarabu aliyevaa joho la uwakili alionekana wapi? Nargis anaingia nalo kwenye kioo, anamhoji mwanamume mkubwa mbele ya umma, sauti haipandi. Na anayemhoji ni Prithviraj Kapoor, baba yake mzazi Raj, mtu wa jukwaani mwenye sauti ya radi. Binti wa miaka 22 anamjibu radi kwa upole, na macho ya watazamaji yanabaki kwake.

Awaara ilipofika Muungano wa Kisovyeti mwaka 1954 iliuza tiketi zaidi ya milioni 60. Raj na Nargis walikwenda Moscow pamoja, watu wakajaa barabarani. Uturuki na China nako ikapendwa vilevile.

Nahodha wa Kigombe

Swali la pembeni: zile nyimbo aliimba mwenyewe? Maana mama yake alikuwa mwimbaji.

Binti Chumbageni

Hapana nahodha. Ilikuwa desturi ya Bombay, mwimbaji anarekodi studio na mwigizaji anafuatisha kwa midomo. Mwanzoni aliimbiwa zaidi na Shamshad Begum, kuanzia Barsaat ikawa sauti ya Lata Mangeshkar. Hiyo nayo ni kazi, msiidharau. Tazama ule wimbo wa mvua na mwavuli wa Shree 420, mwaka 1955. Sauti ni ya Lata na Manna Dey, lakini mabega ni ya Nargis. Anakubali kusogea chini ya mwavuli, halafu anajivuta, kisha anasogea tena, na mapenzi yote ya wimbo yako kwenye kusita kule. Wale watoto watatu waliovaa makoti ya mvua wanaopita ni watoto wa Raj mwenyewe. Mmoja wao, Rishi, alikuja kusimulia ukubwani kwamba ilibidi Nargis amhonge chokoleti ndipo akubali kutembea na maji yanamwingia machoni.

Na hapo tufike kwenye jambo ambalo najua mnalisubiri.

Raj Kapoor alikuwa na mke, Krishna, aliyemwoa mwaka 1946. Yeye na Nargis walicheza picha kama 16 na mapenzi yao hayakuwa siri kwa mtu yeyote Bombay. Sitaki kuhukumu, na Krishna naye ni mwanamke anayestahili heshima yake. Ninachotaka kusema ni cha kazi. Nargis aliipa studio ya RK ujana wake. Aliipa pia pesa zake. Inasimuliwa kwamba fedha zilipokwisha aliuza bangili zake za dhahabu. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, picha za RK zikazidi kumhusu Raj. Ukizipanga kwa mfuatano unaona kabisa: wakili wa Awaara anahoji mahakama nzima, mwalimu wa Shree 420 anamsubiri mwanamume atubu.

Walipoachana kikazi ilikuwa 1956. Picha yao ya mwisho pamoja ni Jagte Raho, na humo Nargis yumo dakika chache tu za mwisho. Raj ni mkulima aliyeingia mjini usiku, ana kiu, anatafuta maji, anadhaniwa mwizi na kukimbizwa jengo zima mpaka alfajiri. Kunakucha, anasikia mwanamke anaimba, anamkuta uani kwenye hekalu anachota maji. Anapiga magoti, mikono kaikinga, naye anammiminia. Hakuna anachosema. Hakuna picha nyingine ninayoijua iliyowaaga watu wawili vile.

Mtaa wa Pili

Kwa hiyo alimwacha yeye?

Binti Chumbageni

Alikwenda kufanya Mother India. Sasa kaeni vizuri.

Mehboob Khan alikuwa ameitengeneza hadithi hii mwaka 1940 kwa jina la Aurat. Akataka kuirudia kwa rangi, kubwa mara nyingi zaidi. Ni habari ya Radha, mwanamke wa kijijini. Mama mkwe wake alikopa rupia 500 kwa mla riba Sukhilala ili kugharimia harusi, karatasi ikaandikwa kwa hila, na hukumu ya wazee ikawa familia itoe robo tatu ya mavuno kila mwaka kama riba tu. Deni lenyewe liko palepale. Mume anapondwa mikono na jiwe kubwa wakifungua shamba jipya, anashindwa kuvumilia kudharauliwa, anaondoka usiku na harudi tena. Mafuriko yanakuja, watoto wanakufa, wanabaki wawili. Radha analima mwenyewe, nira begani mwake badala ya ng'ombe.

Sasa angalieni alichokubali. Ana miaka isiyofika 28, yuko kileleni, nchi nzima inamjua kwa sari nyeupe na nywele za kisasa. Steringi wa kike wa Bombay akishacheza mama wa watu wazima, kazi ya mapenzi imekwisha. Hilo lilikuwa sheria isiyoandikwa, na kwa kiasi kikubwa bado ipo. Nargis akakubali kuanza picha akiwa bi harusi na kuimaliza akiwa bibi kizee mwenye mvi. Aliyecheza mwanawe Birju ni Sunil Dutt, aliyezaliwa 6 Juni 1929. Mama amemzidi mwana kwa siku tano.

Tukio ninalowaomba mlitazame taratibu ni la njaa. Baada ya mafuriko watoto wanachimbua mizizi kwenye tope. Radha anakwenda kwa Sukhilala kujitoa ili wanawe wale. Amejaa tope toka nywele mpaka miguu. Pale ndani anaiona sanamu ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, na anaanza kuzungumza nayo, kwanza kwa kuomba, kisha kwa hasira, kisha kwa kitu ambacho siwezi kukipa jina. Tope limemfunika sura yote, amebaki na macho tu. Mwigizaji mwingine angepoteza silaha zake zote hapo. Yeye ndipo anapokuwa mkali kuliko popote. Na anageuka anarudi alikotoka.

Kisha mwisho. Birju amekuwa jambazi kwa sababu ya bangili za mama yake zilizoshikwa na Sukhilala. Tangu utotoni hana wimbo mwingine ila bangili hizo. Anamwua mla riba, halafu anamteka binti yake siku ya harusi ya yule binti. Radha aliapa kijijini kwamba heshima ya msichana haitaguswa. Anainua bunduki na kumpiga mwanawe, kisha anamkimbilia na kumpokea mikononi. Birju anafungua kiganja, bangili zimo ndani zina damu.

Mzee wangu wa Mchangani, nadhani hapa ndipo kina mama wale walipokuwa wakilia. Walijua deni ni nini, walijua mume aliyeondoka ni nini. Na ndiyo maana picha hii ilikaa kwenye kumbi za Afrika kwa miongo, kwetu huku na hata Kano kule Nigeria, mahali ambapo mtazamaji hajui Kihindi wala hajawahi kuona sari.

Mzee wa Mchangani

Walilia mwanangu. Mama yangu hakula usiku ule. Alikuwa akirudia: kampiga mwanawe, kampiga mwanawe. Bibi yetu akamjibu, angefanyaje?

Zuhura wa Ilala

Dada uzi mzuri sana ila niruhusu nipinge. Meena Kumari alikuwa mwigizaji bora kuliko Nargis. Huzuni ya Meena inatoka ndani kabisa. Nargis kwenye Mother India ananguruma mno. Na picha yenyewe inatufundisha mwanamke avumilie kila kitu.

Binti Chumbageni

Zuhura, Meena Kumari namheshimu mno na uko na watu wengi. Lakini Meena ukimtazama unajua tangu dakika ya kwanza kwamba ataumia. Nargis hakupi uhakika huo. Wakili, tajiri, mwalimu, mkulima, mlevi wa usiku (huyo anakuja), kila mmoja anatembea kivyake. Kunguruma kupo, nakubali, hasa robo ya mwisho. Mehboob alipenda kunguruma.

La uvumilivu nalo lina ukweli, lakini si wote. Mwanamke anayevumilia kila kitu hashiki bunduki. Na angalia: katika Andaz Mehboob alimfanya Nargis apige risasi na kumfunga jela kwa hilo. Miaka minane baadaye mwongozaji yuleyule anampa bunduki mwanamke yuleyule, na safari hii kijiji kizima kinamwita mama. Sidhani kama ni mwongozaji tu aliyebadilika. Nadhani kwa Nargis aliyekomaa hukumu ile ya kwanza isingewezekana tena.

Picha ilitoka 25 Oktoba 1957. Ikawa ya kwanza ya India kufika katika tano za mwisho za Oscar ya filamu za kigeni. Tuzo ilikwenda kwa picha ya mwongozaji Mwitaliano, Fellini. Mwaka 1958 Nargis akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Karlovy Vary, Chekoslovakia, Mhindi wa kwanza kuipata. Jarida la filamu la Filmfare likampa tuzo yake, na serikali ikampa nishani ya Padma Shri.

Kijana wa Likoni

Na ile habari ya moto ni kweli au chumvi?

Binti Chumbageni

Ni kweli. Walikuwa Umra, karibu na Surat, Gujarat, wanapiga tukio la Radha kumtafuta Birju kati ya marundo ya nyasi kavu yanayowaka. Upepo ukabadilika, moto ukamzunguka. Sunil Dutt akaingia na kumtoa. Wote waliungua, Sunil zaidi, na Nargis akamwuguza. Walifunga ndoa 11 Machi 1958. Sunil alikuwa kijana aliyewahi kutangaza Redio Ceylon, jina lake bado dogo mno mbele ya la mkewe. Mwanamke aliyezaliwa katika Uislamu na mwanamume Mhindu, miaka kumi na kidogo tu tangu nchi igawanyike kwa damu. Waliishi pamoja mpaka kifo. Watoto watatu: Sanjay, Namrata na Priya.

Hapo akaiacha sinema, karibu yote. Iliyobaki ni Raat Aur Din, iliyochukua miaka kukamilika ikatoka 1967, na wengi hawajaiona. Mchana ni Varuna, mke mtulivu wa nyumbani. Usiku ni Peggy, anavuta, anakunywa, anacheza kwenye vilabu vya Calcutta, na asubuhi hakumbuki kitu. Mama mkwe anasema ana pepo, wanaletwa waganga. Kisha daktari wa akili. Sisi tunaojua nyumba zinazowapeleka wagonjwa kwa mganga kabla ya hospitali, picha hii inatugusa. Nargis hatumii nguo kubadilika, anabadilika kwa sauti na kwa namna ya kukaa kitini. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya kwanza kabisa ya taifa ya mwigizaji bora wa kike.

Baada ya hapo alikuwa mlezi wa kwanza wa Spastics Society of India, chama cha kuwasaidia watoto wenye mtindio wa ubongo, na yeye na mumewe walizunguka na kikundi chao cha sanaa wakiwatumbuiza askari mipakani.

Kahawa Chungu

Usiruke lile la Satyajit Ray, mwongozaji wa Kibengali, dada. Alimshambulia bungeni.

Binti Chumbageni

Siruki. Mwaka 1980 aliteuliwa kuingia Rajya Sabha, baraza la juu la Bunge, na akamlaumu Ray kwamba anauza umaskini wa India nje. Alipoulizwa alitaka aonyeshe nini, akataja mabwawa. Hapo alikosea, nasema wazi. Mwanamke aliyejifunika tope kuonyesha deni linavyomla mkulima hakuwa na haki ya kumwambia mwenzake afiche njaa. Najua utetezi: Mother India inafunguka na mfereji mpya wa maji, umaskini pale ni wa jana na mfereji ni wa kesho, ilhali kwa Ray hakuna ahadi kama hiyo. Tofauti hiyo ipo kweli. Bado haitoshi.

Wakati huo tayari ugonjwa ulikuwa karibu. Saratani ya kongosho. Alitibiwa New York kwa miezi, akarudi, na tarehe 3 Mei 1981 akafariki Bombay, umri miaka 51. Siku chache baadaye ilikuwa uzinduzi wa Rocky, picha ya kwanza ya Sanjay. Kiti chake ukumbini kiliachwa wazi. Alizikwa Bada Kabrastan, Marine Lines. Sunil Dutt akaanzisha mfuko wa kusaidia wagonjwa wa saratani kwa jina la mkewe, baadaye akawa mbunge na waziri, akafariki 2005.

Zuhura wa Ilala

Sijakubali kuhusu Meena lakini Raat Aur Din naitafuta leo. Nianze na ipi kati ya zote?

Binti Chumbageni

Usianze na Mother India, ndugu yangu, ingawa kila mtu atakuambia hivyo. Anza na Andaz, umwone akiwa kijana na mwepesi. Kisha Awaara, na safari hii mfuate Rita badala ya Raju. Kisha zile dakika za mwisho za Jagte Raho. Mother India iwe ya nne, usiku ambao huna haraka, maana urefu wake unakaribia saa tatu nzima. Raat Aur Din iwe ya tano. Halafu urudi hapa tugombane tena kuhusu Meena Kumari, na mimi nitakuwa nimeirudia Pakeezah, picha yake.